Herode Ananyonyesha

Zamani mchezo wa Krismasi katika kanisa la Mwanda, kule milimani juu ya Voi, uliigizwa na wanaume. Walikuwa wakiahidi kuja mazoezini na wasije. Mwaka wao wa mwisho, Herode alikuwa mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima zake. Alisimama mbele ya watu, akasahau maneno, akawaza kidogo, kisha akaamuru watoto wote wa Bethlehemu wahesabiwe. Askari walitazamana, wakawahesabu. Yusufu na Mariamu, waliokuwa wameshafunga mizigo ya kukimbilia Misri, hawakuona tena sababu ya kwenda. Mchezo ukaishia hapo, watu wakaimba wimbo.

Loise, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, hakusema neno siku ile. Alingoja mpaka Oktoba ya mwaka uliofuata, 1975, akasimama baada ya matangazo na kusema kwamba safari hii mchezo utaigizwa na kina mama peke yao, kuanzia malaika mpaka askari. Wanaume hawakupinga. Wengine walimshukuru.

Loise aligawa nafasi mwenyewe bila kumpendelea mtu. Warefu wakawa mamajusi. Wenye viatu wakawa askari. Herode akapewa Tryphena, kwa ajili ya sauti. Tryphena alilima kabichi kwenye mteremko wa juu, na alipomwita bintiye Susan arudishe mbuzi, watu wa ng'ambo ya bonde walirudisha wa kwao pia.

"Lakini mimi nina mtoto mchanga," Tryphena alisema. Alikuwa amembeba mgongoni Gilbert, ambaye hakuwa ameota hata jino moja.

"Herode naye alikuwa na watoto," Loise akamjibu. "Saa tisa Jumamosi, usichelewe."

Tryphena hakuchelewa hata siku moja. Alijifunza maneno yake akipalilia. Vazi la Herode lilikuwa shuka la zambarau, na taji lake lilikatwa kutoka kopo la mafuta ya kupikia, maandishi yakageuzwa ndani. Kazi kubwa ilikuwa ndevu. Aliagiza katani kutoka mashamba ya mkonge kule chini, akaichana, akaitia weusi kwa masizi, akaishona kwenye kitambaa na kukibandika usoni kwa uji mzito wa muhogo. Uji huo ukishakauka, ndevu hazitoki mpaka upate maji ya moto na subira. Gilbert alilia siku ya kwanza alipoziona. Siku ya pili alizivuta. Baada ya hapo hakujali, mradi chakula chake kilikuwa mahali pake.

Mumewe, Donald, alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi. Alipanda nyumbani Jumamosi akipata nafasi, na Krismasi hiyo hakuipata, kwa sababu watu wote wa pwani na bara walikuwa wameamua kutumiana vitu. Kwa hiyo hakumwona mkewe akiwa mfalme.

Walioona waliona. Tryphena aliposimama na kutamka kwamba auawe kila mtoto wa kiume katika Bethlehemu na viunga vyake, bibi mmoja wa viti vya nyuma alimshika mjukuu wake mkono, akatoka naye kwenda nyumbani, na hakurudi kusikia mwisho. Watoto wengine walilia kweli. Kina mama wa Bethlehemu nao wakalia kwa kuigiza, na kelele zikawa nyingi mpaka Gilbert, aliyekuwa kwa shangazi yake karibu na mlango, akaamka na kujiunga nao.

Herode alikuwa na muda. Kwaya ilikuwa na nyimbo tatu kabla ya yeye kurudi kufa. Akamchukua mtoto, akazunguka nyuma ya kanisa palipo na tangi la maji, akakaa juu ya jiwe, akafungua shuka la zambarau na kumnyonyesha. Kuzitoa ndevu kusingewezekana. Taji aliliacha kichwani kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Siku hiyo alikuwako mpiga picha, Bwana Katuku, Mkamba mwenye studio Voi, ambaye kila Krismasi alipanda milimani kuwapiga picha watu wakiwa na nguo zao nzuri. Alikuwa fundi hodari na hakuwa na mazoea ya kuuliza. Ukisimama mbele yake alikushika kidevu akakigeuza, akakushusha bega, akakunyoosha kola, na ulipotaka kusema kitu alikuwa ameshamaliza. Asubuhi ile alikuwa amemvuta malaika bawa mpaka likang'oka, akalishikilia kwa mkono mmoja huku akipiga picha kwa mkono wa pili.

Alizunguka nyuma ya kanisa kutafuta kivuli cha kubadilishia filamu. Akamkuta Herode.

Alikuwa amebakiwa na picha moja kwenye filamu iliyokuwa ndani ya kamera. Akaipiga.

Tryphena alisikia mlio, akainua macho, akaona mgongo wa Bwana Katuku ukipotea kwenye kona. Akatazama nyuma yake. Akadhani amepiga picha ya tangi, ambalo lilikuwa jipya na watu walikuwa wakilisifu. Gilbert aliposhiba, alimrudisha kwa shangazi, akaingia kanisani, akaanguka chini na kufa vizuri sana.

*

Mwisho wa Januari, picha hiyo ilikuwa kwenye dirisha la studio ya Katuku, katikati ya bibi harusi na askari wa magereza. Ilikuwa kubwa kuliko zote mbili. Chini yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa HERODE, basi.

Dirisha hilo lilitazama njia ya sokoni. Watu walikuwa wakisimama. Wengine walisimama wakaenda, wakarudi na wenzao.

Donald aliletwa hapo na makarani wawili wa stesheni saa ya chakula cha mchana. Walimwambia kuna jambo lazima alione. Aliona mtu mwenye ndevu hadi kifuani, taji kichwani, amekaa kama mfalme aliyechoka, ananyonyesha. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hawa ni watu wa kwenu huko," karani mmoja akasema. "Kweli mna mambo."

"Si wa kwetu," Donald akasema, akipangusa macho. "Kwetu hatuna mtu wa namna hii."

Kisha akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu yenye masikio mawili, moja refu kuliko jingine. Kofia hiyo ilifumwa na mama yake Donald, ambaye jicho moja lilikuwa halioni vizuri. Donald aliacha kucheka. Wenzake walidhani amepaliwa, wakampiga mgongoni.

Wiki nzima baada ya hapo alikwenda sokoni kwa njia ya mzunguko. Jumamosi akapanda Mwanda. Alikula, akasifu kimanga cha mihogo na maharage, akauliza habari za kabichi, akamtuma Susan nje kutazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Ndipo akasema:

"Mama Susan. Krismasi ulikuwa nani?"

"Nilikuwa Herode. Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Sasa, ulipokuwa Herode, ulimnyonyesha Gilbert?"

Tryphena akafikiri. "Alikuwa na njaa."

"Voi nzima imeona."

Akamweleza habari za dirisha, bibi harusi, askari wa magereza na karatasi. Tryphena alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulipata joto, likashuka shingoni, na bila kujua akafunga kifungo cha juu cha blauzi yake, ingawa kilikuwa kimefungwa.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilicheka na wenzangu."

"Ilikuwa ya kuchekesha?"

Donald alikuwa mtu mkweli, hata pale ambapo haikumsaidia. "Kabla sijamjua mtoto, ndiyo. Sana."

"Mimi hukunijua?"

"Nilimjua mtoto," Donald akarudia.

Kesho yake baada ya ibada, Tryphena alimweleza Loise. Loise alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akakifunga upya.

"Tutashuka Jumanne," akasema.

"Sitaki kukusumbua, Mwenyekiti. Mwili ni wangu."

"Mwili ni wako. Ndevu ni za kanisa."

*

Walishuka Jumanne na Gilbert mgongoni, bila kofia. Walipofika mbele ya studio waliwakuta wanaume wawili dirishani, wamesimama kama watu wanaosoma tangazo la serikali. Tryphena na Loise wakasimama nyuma yao.

"Ni dawa," alisema wa kwanza. "Kuna nchi mwanamume anapewa dawa, maziwa yanatoka."

"Si dawa," alisema wa pili. "Ni kazi ya studio. Wamechukua kichwa cha mtu na mwili wa mtu mwingine. Tazama, kichwa hiki ni cha mzee wa miaka sitini."

Tryphena alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Akaitazama picha kwa mara ya kwanza juu ya bega la mtu huyo, haraka tu, kama mtu anayechungulia kisima, akageuka na kuingia ndani.

Bwana Katuku alikuwa akifuta lenzi. Mkewe, Ndunge, aliyeshughulikia wateja na kupaka picha rangi kwa mkono, alikuwa kwenye kaunta. Akawakaribisha, akawauliza kama wanataka picha ya pamoja au mmoja mmoja.

"Tumekuja kwa ile ya dirishani," Loise akasema.

"Wengi wanaiulizia," Katuku akasema kwa furaha, bila kuinua macho. "Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Herode. Nilimkuta huko Mwanda."

"Ni mimi," Tryphena akasema.

Katuku akainua macho. Akamtazama usoni, akaangalia dirisha, akamtazama tena. Ilionekana wazi kwamba anajaribu kumvika ndevu.

"Wewe ni mwanamke," akasema.

"Wewe ulidhani nani ananyonyesha?"

Katuku akaweka lenzi chini. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hili alikuwa hajalifikiri kwa upande huo. "Mama, nisikilize. Mimi sikupiga picha yako. Nilipiga picha ya Herode. Hakuna jina lako pale. Herode si mke wa mtu hapa Voi."

"Taji ni la Herode," Tryphena akasema. "Ndevu ni za Herode. Shuka pia, chukua. Lakini hilo titi si la Herode, na mtoto si wa Herode. Mtoto ni huyu hapa."

Akageuka kidogo ili Gilbert aonekane. Gilbert akamtazama Katuku bila chuki.

"Ulimwuliza?" Ndunge akamuuliza mumewe.

"Ningemwuliza nini? Alikuwa amekaa."

"Nauliza ulimwuliza kama unaweza kumpiga picha."

"Alikuwa amevaa kuonwa na watu!" Katuku akasema. "Mtu amevaa taji, amesimama mbele ya kanisa zima, amepiga kelele. Huyo anataka kuonwa. Sasa nianze kuomba ruhusa?"

"Mbele ya kanisa nilivaa kuonwa," Tryphena akasema. "Nyuma ya kanisa nilikuwa namlisha mtoto. Ningetaka kuonwa huko, ningeita watu. Na mimi nikiita nasikika."

"Ni kweli," Loise akasema. "Anasikika."

Katuku akashusha sauti, na sasa alikuwa anasema ukweli wake wote. "Mama, kama ningeomba, ungejirekebisha. Ungefunga shuka, ungenyoosha taji, ungenikazia macho. Ile picha isingekuwepo."

"Ndiyo," Tryphena akasema. "Ndiyo maana watu huomba."

Ndunge akatoka nyuma ya kaunta, akafungua dirisha kwa ndani, akaitoa picha. Nje, wale wanaume wawili wakabaki wanatazama nafasi iliyo wazi kati ya bibi harusi na askari wa magereza, kisha wakaondoka.

Ndunge akaiweka picha mikononi mwa Tryphena, akamwekea na negativu yake ndani ya bahasha ndogo. "Fanya unavyotaka," akasema. "Hata kuichoma."

"Nyingine ziko wapi?" Loise akauliza.

Katuku akajikuna shingo. "Kuna moja tu. Nilimpa dereva wa lori. Aliipenda, akaibandika ndani ya kioo cha mbele."

"Lori hilo liko wapi?"

"Taveta. Au Mombasa." Katuku akainua mikono. "Ni lori, mama."

Tryphena hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupigiwa picha, karibu na pazia lililochorwa maua na ngazi, na sasa alikuwa akiitazama picha kwa utulivu. Alikuwa ameambiwa na watu wengi kwamba Herode wake alitisha. Huyu hakutisha. Huyu alikuwa mfalme aliyemwinamia mtoto, macho yamelegea kwa uchovu, na Gilbert amekamata fungu la ndevu kwa ngumi, anavuta, huku akinyonya kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mwanga wa saa sita ulikuwa umegonga taji na shavu la mtoto, na kwingine kote hapakuwa na kitu. Hata tangi halikuonekana.

Hakuwahi kujiona akinyonyesha. Hakuna anayejiona. Watoto wanne alikuwa amewanyonyesha, na picha ya kazi hiyo ilikuwa hii peke yake, na ndani yake alikuwa Herode. Alishangaa kuona kwamba amekasirika na kwamba picha ni nzuri, yote mawili, na moja halikulipunguza la pili.

"Nimekukosea," Katuku akasema. Alilisema kwa shida, kama mtu anayezungumza lugha aliyofundishwa jana.

"Umenikosea," Tryphena akakubali. Akaiweka picha kwenye kikapu, juu ya sukari, akaifunika kwa khanga. "Lakini si picha mbaya."

Nyumbani, Donald aliitazama kwa muda mrefu karibu na dirisha. Hakucheka. Akauliza itawekwa wapi. Tryphena akasema chumbani, upande ambao wageni hawafiki, na yeye mwenyewe akashika msumari Donald akipiga nyundo. Makarani wa stesheni waliuliza Herode amekwenda wapi, na Donald akawaambia amerudi kwao.

*

Krismasi iliyofuata, kabla ya mchezo kuanza, Loise alisimama na kusema ana neno kwa wenye kamera. Mwenye kamera alikuwa mmoja, na kila mtu akageuka kumtazama. Loise alisema kwamba anayetaka kumpiga picha mwigizaji amwombe kwanza. Asimshike bila kuambiwa, wala asivute kitu kilichoshonwa. Aliyevaa mavazi bado ni mtu, ana jina na ana nyumba. Anayekula, anayenyonyesha na anayekwenda chooni aachwe, hata kama ni malaika. Na mtu akikataa, amekataa, na hatadaiwa sababu. Wazee wakasema amina, kwa mazoea.

Bwana Katuku alisema amina pia, kwa sauti. Alikuwa ameamua kutokosea tena, na alikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka mwisho. Aliomba ruhusa kwa Mariamu na kwa Yusufu. Aliomba kwa mamajusi, mmoja mmoja, kwa sababu wangeweza kutofautiana. Alimtafuta mwenye kondoo na kumwomba kwa niaba ya kondoo. Malaika mmoja alimruhusu, na Katuku akamuuliza kama amesema kweli au anamwonea haya.

Mchezo ukafika kwa Herode. Donald alikuwepo mwaka huo, amekaa mbele, Gilbert magotini. Tryphena aliinua mkono kutoa amri, kanisa likatulia, na katika utulivu huo Katuku akaonekana ameinua mkono wake pia, kama mwanafunzi, kamera kifuani.

"Mfalme," akasema, "naomba ruhusa."

Loise alifumba macho. Askari walimtazama Tryphena, kwa kuwa hakuna mahali katika Maandiko walipoambiwa la kufanya.

Tryphena hakushusha mkono. "Askari," akanguruma, "mwacheni apige. Kisha muwaue."

Katuku akapiga, akainama, akarudi nyuma. Askari wakaendelea. Watu wengi wa Mwanda wanaamini mpaka leo kwamba maneno hayo yameandikwa, na wachache wamejaribu kuyatafuta.

Baada ya mchezo Tryphena alikaa kwenye benchi nje ya kanisa, ndevu bado usoni, akisubiri maji yachemke. Katuku akamjia polepole, kamera ameishika chini. Akasimama mbali kidogo.

"Mama Susan, naomba kukupiga picha moja. Ukiwa hivyo hivyo, umekaa."

Tryphena akamtazama. Miguu ilimuuma, na uji wa muhogo ulikuwa umeanza kumwasha.

"Leo hapana, Bwana Katuku. Nimechoka."

Katuku akasubiri kidogo, akitumaini kuna sentensi nyingine inakuja. Haikuja.

"Asante," akasema, akaenda kumtafuta Yusufu.